Behewa la Mkiani: Matabaka ya Jamii katika Filamu za Distopia

Filamu ya distopia huchora jamii ya kubuni, mara nyingi ya miaka ijayo, ambamo maisha yamepangwa vibaya na waliopanga wanajua walichofanya. Vita, ukame au baridi kali huwa vimekwisha kupita kabla hadithi haijaanza. Kinachobaki mbele ya mtazamaji ni utaratibu uliowekwa baada ya maafa: nani anakula nini, nani anafanya kazi gani, nani anaruhusiwa kuvuka mlango upi, na sheria hiyo kaitunga nani. Kwa sababu hiyo sinema ya namna hii haijawahi kuwa mbali na suala la matabaka. Mgawanyo wa mali na kazi haupigiki picha hivi hivi. Mtunzi wa distopia huupa umbo la kitu chenye kuta na milango: mji wenye maghorofa juu na mashimo chini, treni yenye mabehewa, mnara, uzio, chombo kinachoelea angani.

Umbo hilo ndilo linalozifanya filamu hizi zieleweke mbali na zilikotengenezwa. Katika mabanda ya video ya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi miji midogo ya wilaya kama Sikonge, kusini mwa Tabora, filamu za Kimarekani, Kihindi na Kikorea zimeangaliwa kwa miaka mingi na watu wasiojua lugha zake, nyingi zikiwa zimetiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili wa aina ya Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa banda hafasiri neno kwa neno. Anasimulia, anatania, anampa bosi wa kwenye filamu tabia za bosi anayejulikana mtaani. Kisa cha mapenzi kinauhitaji sana ufundi wake. Filamu ya matabaka inaweza kwenda hata bila yeye, kwa maana mtu akishaona nani amelala kwenye ubao na nani ameketi kwenye kiti cha ngozi, nusu ya kisa ameshaipata.

Hata hivyo si kila filamu yenye maskini na tajiri ni distopia. Filamu nyingi za Bongo zina mzee mwenye jumba la kifahari, binti yake, na kijana wa uswahilini aliyependwa na binti huyo. Mwishoni ndoa inafungwa, au kijana anapata fedha, au mzee anafilisika. Ngazi ipo, ila watu wanaipanda na kuishuka. Katika distopia ngazi imekatwa, na nje ya jamii hiyo hakuna pa kukimbilia, kwani kuna barafu, jangwa, mionzi au askari. Kipimo kizuri cha filamu hizi, kuliko kuhesabu fedha za tajiri wake, ni kutazama mlango wa kutokea uko wapi na ufunguo anao nani.

Mji wa juu na mji wa chini

Mzizi wa fumbo hili uko katika riwaya. Mwaka 1895 Mwingereza H. G. Wells alichapisha *The Time Machine*, ambamo msafiri anafika mwaka 802701 na kukuta wanadamu wamekuwa jamii mbili. Eloi ni wazuri na walegevu, wanaishi juani na kula matunda. Morlock wanaishi chini ya ardhi pamoja na mitambo. Mwanzoni msafiri anadhani Eloi ndio mabwana. Baadaye anagundua kwamba hao wa chini hupanda usiku na kuwala hao wa juu. Wells alikuwa mjamaa, na alichofanya ni kuuchukua mgawanyiko wa Uingereza ya wakati wake, wa wenye viwanda na wafanyakazi wao, akausogeza mbele kwa miaka laki nane aone utafika wapi.

Sinema iliuchukua mchoro huo mapema. *Metropolis* ya Mjerumani Fritz Lang, iliyoandikwa pamoja na mkewe Thea von Harbou, ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin Januari 1927. Juu kuna bustani, viwanja vya michezo na watoto wa wenye mali. Chini kabisa, chini hata ya mitambo, kuna mji wa wafanyakazi. Tukio linalokumbukwa zaidi ni la kubadilishana zamu. Safu mbili za wafanyakazi wenye sare nyeusi zinapishana, vichwa vimeinama, wanaoingia wakitembea kwa mwendo mmoja na wanaotoka kwa mwendo wa taratibu zaidi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Baadaye Freder, mtoto wa mtawala wa mji, anashika nafasi ya mfanyakazi mmoja mbele ya mtambo wenye sura ya saa kubwa. Kazi yake ni kuisogeza mikono ya saa hiyo ielekee taa zinazowaka. Hakuna anayejua mtambo ule unatengeneza nini, na Lang hakujishughulisha kueleza. Kinachoonekana ni mtu aliyetandazwa kwenye saa, akilia kwamba saa kumi za zamu haziishi.

Mwisho wa filamu hiyo ni dhaifu. Mwenye mji na msimamizi wa wafanyakazi wanapeana mikono mbele ya kanisa, Freder akiwa mpatanishi, na mitambo inabaki kuwa ya yule yule. Wells aliishambulia vikali mwaka ule ule, na Lang mwenyewe alikuja kusema kwamba hakuliamini suluhisho lile. Ila picha zake hazikufa. Karibu kila mji wa kubuni uliofuata katika sinema, wenye tajiri juu na mvuja jasho chini, umekopa kitu kutoka humo.

Treni na msafara

Mwaka 2013 mwongozaji wa Korea Kusini, Bong Joon-ho, aliulaza mnara huo chini ukawa treni. *Snowpiercer* imetokana na kitabu cha katuni cha Kifaransa kilichoanza kutoka mwaka 1982. Binadamu wamepuliza kemikali angani ili kupunguza joto la dunia, jaribio limepita kiasi, na dunia nzima imeganda. Waliosalia wako ndani ya treni moja isiyosimama, inayoizunguka dunia mara moja kwa mwaka. Wenye tiketi wako mbele. Waliodandia siku ya mwisho wako mkiani, gizani, wakilishwa vipande vyeusi vya mlenda ambavyo baadaye vinajulikana kuwa vimetengenezwa kwa wadudu waliosagwa.

Filamu inakwenda behewa kwa behewa. Watu wa mkiani wanaasi, na kila mlango wanaouvunja unawaonyesha walichokuwa wakinyimwa: bustani, tangi la samaki, darasa ambamo watoto wa mbele wanafundishwa nyimbo za kumsifu Wilford, mwenye injini, kisha saluni na ukumbi wa dansi. Waziri wa treni, Mason, anawahutubia waasi kwa mfano wa kiatu na kofia: kila kitu kina mahali pake mwilini, na wao wamezaliwa kuwa kiatu. Huko mbele kabisa, Curtis, kiongozi wa uasi, anaambiwa na Wilford kwamba maasi yale yalikuwa yamepangwa kwa siri na mzee wa mkiani aliyemheshimu kama baba, ili idadi ya watu ipungue na chakula kitoshe. Kisha anaona mtoto mdogo kutoka mkiani akiwa amekunjwa chini ya sakafu ya injini, anafanya kazi ya kipuri kilichochakaa.

Kwa msomaji wa Tabora, watu kupangwa kwa vyeo katika mstari mmoja si jambo geni. Karne ya 19 misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipitia Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya magharibi, baadhi yake iliteremkia kusini kupitia Ugunda, njia aliyoishika Henry Morton Stanley Septemba 1871 akimtafuta Livingstone. Richard Burton, aliyefika Kazeh, huko huko Unyanyembe, Novemba 1857, aliandika kwa kirefu namna msafara ulivyotembea. Mbele alikwenda kirangozi, mwenye nguo nyekundu na mapambo ya kichwani, na bendera ikimfuata. Nyuma yake walikuja wapagazi wa pembe za ndovu, kisha wa nguo na shanga, kisha wa chumvi, majembe na nyaya, kisha wenye vikorokoro vya njiani. Wenye mali walikuja nyuma pamoja na watu wao wenye bunduki. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na pembe kubwa zilizidi hapo.

Ngazi hiyo ilikuwa na fahari zake. Aliyebeba pembe alijiona juu ya aliyebeba shanga, na hakukubali kirahisi kushushwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walibishana kuhusu posho, waligoma, na mara nyingi walitua mizigo wakarudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Katika njia ile ile walipita pia watumwa waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na lolote la kubishania. Mstari ni mmoja, njia ni moja, na tofauti kubwa kati ya watu hao wawili ni kwamba mmoja aliweza kuondoka.

Hapo ndipo *Snowpiercer* inapogusa kiini cha jambo. Pamoja na waasi kuna fundi wa makufuli, Namgoong Minsu, ambaye kazi yake ni kufungua milango ya kwenda mbele. Yeye haitaki injini. Anauonyesha mlango wa ubavuni, wa kutokea nje, ambao watu wameuona miaka 17 hadi wakauchukulia kuwa ukuta. Curtis anataka kufika mbele. Namgoong anataka kushuka. Mwishoni wanaoshuka ni watoto wawili tu, na mtu ana haki ya kuuliza wataishije kwenye theluji ile. Bong hajibu, na afadhali hakujibu.

Treni za abiria za Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nazo zimekuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Wa la tatu amekaa wima usiku kucha, wa la kwanza amelala kitandani. Hilo ni tabaka bila distopia. Kila mmoja hushuka kituoni kwake.

Bei ya uhai

Filamu nyingine huacha ramani na kuchagua kitu kimoja ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho, kisha zikakifanya fedha. Katika *In Time* ya Andrew Niccol, ya mwaka 2011, watu huacha kuzeeka wakifika miaka 25, na kuanzia hapo saa iliyo kwenye mkono wa kila mmoja inahesabu muda uliobaki wa kuishi. Mshahara unalipwa kwa dakika na masaa. Kikombe cha kahawa ni dakika nne. Maskini anaamka akiwa na siku moja mkononi na anakimbia barabarani, kwa sababu kutembea ni gharama. Tajiri ana karne na anatembea polepole. Kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kuna vizuizi vya kulipia, na ada yake ni miezi na miaka. Njama ya filamu inalegea nusu ya pili, ikawa ya kufukuzana kwa magari, lakini wazo lake ni kali: nauli ikipandishwa ghafla usiku, mama wa mhusika mkuu anakosa kupanda basi, anakimbia, na muda unamwishia mikononi mwa mwanawe.

*The Platform* ya Mhispania Galder Gaztelu-Urrutia, ya mwaka 2019, ni ya kikatili zaidi. Ni gereza lenye mamia ya ghorofa, wafungwa wawili kila ghorofa. Meza iliyojaa chakula inateremshwa kutoka juu, inasimama kidogo kila ghorofa, na wa chini wanakula makombo ya wa juu, mpaka inafika pasipo na kitu. Kila mwezi wafungwa wanahamishwa kwa bahati nasibu. Mtazamaji angetarajia kwamba aliyewahi kuwa ghorofa ya chini, akipandishwa juu, atawakumbuka wenzake. Hawakumbuki. Anakula kwa pupa kwa sababu hajui mwezi ujao atakuwa wapi. Filamu chache zimeonyesha waziwazi namna hii kwamba tabaka huzaa tabia, na kwamba kuwaomba watu wawe wema hakutoshi ikiwa meza yenyewe imepangwa vile.

*Elysium* ya Neill Blomkamp, ya mwaka 2013, inawaweka matajiri wa mwaka 2154 kwenye kituo cha angani chenye mashine za kuponya kila ugonjwa, na wengine wote duniani kwenye vumbi. Sehemu zake za duniani zilipigwa katika dampo la Mexico City. Ni filamu ya gharama kubwa inayoelezea umaskini kwa milipuko. Hakuna haja ya kukaa hapo sana.

*The Hunger Games*, iliyoanza mwaka 2012, ina jambo moja la kutazamwa kwa makini kuliko mashindano yake ya kuuana. Nchi ya Panem imegawanywa wilaya 12, na kila wilaya imepewa zao au kazi yake: huku makaa ya mawe, huku mazao ya shamba, huku nguo, na vyote vinakwenda Makao Makuu. Wilaya hairuhusiwi kujua sana habari za wilaya jirani. Tanganyika ya kikoloni ilipangwa kwa fikra inayokaribiana na hiyo. Tanga ilipewa mashamba ya mkonge, na mikoa ya magharibi ikafanywa hazina ya watu wa kuyafanyia kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walileta kodi ya nyumba. Hivyo mtu ambaye babu yake alikwenda pwani kwa hiari na pembe begani, sasa alikwenda kwa kuwa alidaiwa. Chini ya Waingereza, hasa baada ya chama cha wenye mashamba kuanzisha ofisi yake ya kuajiri katika miaka ya 1940, maelfu ya Wanyamwezi, Waha na wengine walisafirishwa kuwa manamba. Mshahara ulihesabiwa kwa kadi ya kipande: siku 30 za kazi zitimie ndipo mtu alipwe. Anayetoroka katikati alikuwa amevunja mkataba, na mkataba ulikuwa na askari nyuma yake. Mlango haukufungwa kwa ukuta. Ulifungwa kwa karatasi.

Nguvu ya filamu hiyo ilionekana nje ya sinema. Baada ya jeshi kuchukua madaraka Thailand mwaka 2014, waandamanaji walitumia saluti ya vidole vitatu kutoka *The Hunger Games*, na wakuu wa jeshi wakaonya kwamba wangekamatwa. Saluti hiyo ikarudi Myanmar mwaka 2021. Kampuni iliyouza filamu hiyo kwa faida haikuwa imepanga mambo hayo.

Distopia zilizotengenezwa jirani

Afrika imetumika sana kama mandhari ya maafa ya wengine. *District 9*, ambayo Blomkamp aliipiga Chiawelo, Soweto, na kuitoa mwaka 2009, iligeuza kidogo mambo: viumbe kutoka angani wanakwama Johannesburg mwaka 1982, wanawekwa kwenye kambi ya mabati, kisha kampuni inatumwa iwahamishe kwa kuwasainisha fomu wasizozielewa. Nyuma yake kuna Wilaya ya Sita ya Cape Town, iliyotangazwa kuwa eneo la Wazungu mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Lakini filamu hiyo hiyo inayolaani ubaguzi imewachora Wanigeria kama majambazi wanaokula nyama ya viumbe kwa uchawi, na Waziri wa Habari wa Nigeria, Dora Akunyili, aliwataka wenye majumba ya sinema nchini mwake wasiionyeshe. Lawama hiyo ilistahili. Fumbo la kutetea wanyonge linaweza kujitafutia mnyonge wake wa kumtukana.

Mwaka ule ule wa 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza *Pumzi*, filamu fupi ya dakika 21 hivi iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mapema mwaka 2010. Jina ni la Kiswahili, mazungumzo yake machache ni ya Kiingereza, na picha zilipigwa Afrika Kusini. Ni miaka 35 baada ya vita vya maji. Jamii ya Maitu, katika eneo la Afrika Mashariki, inaishi ndani ya jengo lililofungwa, kwa kuwa nje kunasemekana hakuna uhai. Asha anatunza jumba la makumbusho ya viumbe na mimea iliyotoweka. Kila mtu ana mgao wa maji, na maji hayo yanatokana na jasho na mkojo wake mwenyewe: mtu akitoka kwenye mashine anakamua jasho, linachujwa, linawekwa kwenye chupa, anakunywa. Umeme unazalishwa na miili, watu wakikimbia na kusukuma mashine. Ndoto hazitakiwi: Asha akisinzia na kuota mti, mtambo unamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Hakuna tajiri mwenye kitambi katika *Pumzi*, wala karamu. Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Wakuu wa baraza wanaonekana kwenye skrini tu, na hata wao hawaonekani kustarehe sana. Tofauti ya tabaka inapimwa kwa mambo madogo: nani ana ofisi, nani anasafisha choo, nani anaweza kutia saini. Asha anapoletewa udongo usio na mionzi na mbegu aliyoiweka ndani yake ikachipua, anaomba ruhusa ya kutoka. Baraza linakataa, makumbusho yanaharibiwa, na yeye anashushwa kwenda kuzalisha umeme kwa mwili wake. Umbali kati ya msomi na kibarua unageuka kuwa amri moja ya kwenye skrini. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke wa usafi wa chooni, ambaye mapema Asha alimgawia maji yake. Filamu haikuzi jambo hilo kwa muziki wala hotuba. Asha anatembea jangwani, anaotesha mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, na kuukinga jua kwa mwili wake mpaka anakufa. Kamera inapanda juu, na mti unaonekana.

Watu wa ukanda wa Tabora, waliozoea kuchota maji kisimani mwezi wa Oktoba, hawatahitaji kuelezwa uzito wa mgao ule wa chupa. *Pumzi* inastahili kuonyeshwa katika shule za sekondari, na urefu wake unatosha kipindi kimoja.

Filamu ya pili ni *Neptune Frost*, ya Mmarekani Saul Williams na Mnyarwanda Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021. Kisa kimewekwa Burundi, picha zimepigwa Rwanda, na wahusika wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Ni filamu ya nyimbo. Inaanzia kwenye mgodi wa koltani, madini yanayotoa tantali, ambayo hutumika kutengenezea vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Sehemu kubwa ya tantali ya dunia inatoka Kongo Mashariki na Rwanda. Tekno, kijana mchimbaji, anasimama kidogo kulitazama jiwe aliloliinua, na mlinzi anampiga kwa bunduki akafa papo hapo. Wenzake wanapiga ngoma na kuimba wakiwa bado kazini. Kaka yake, Matalusa, anaacha zana na kuondoka.

Anakoishia ni kijiji cha watoro kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Mavazi, kazi ya msanii wa Rwanda Cedric Mizero, yameshonwa kwa nyaya, vibonyezo na bodi za ndani ya mashine. Kwa hiyo kitu kile kile kilichochimbwa na Tekno kama jiwe kinarudi kama takataka, baada ya kutumiwa na watu wengine mbali, na sasa wachimbaji wanakivaa. Kutoka hapo wanaingilia mitandao ya dunia. Ni filamu ngumu. Nusu saa yake inampoteza mtazamaji aliyezoea kisa kinachonyooka, na lawama hiyo si ya mtazamaji peke yake. Ila hakuna filamu nyingine ya distopia inayoweka mfanyakazi wa Maziwa Makuu katikati ya dunia ya kompyuta, mahali alipo kweli, badala ya kumweka pembeni kama mtu ambaye teknolojia haijamfikia.

Kuna pia jirani ambaye si distopia lakini alisomwa hivyo. *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper wa Austria, ya mwaka 2004, ni filamu ya maisha halisi iliyopigwa Mwanza, na Watanzania wengi wanaijua kama filamu ya mapanki. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa, ndiyo mapanki, vinabaki vikianikwa kwenye vichanja. Ilishindania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailaani hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Sauper alikuwa ameuchukua mji wenye wavuvi, wafanyabiashara, shule na harusi, akauhariri ufanane na treni ya Bong: walio mbele na walio mkiani, basi. Hoja yake kuhusu biashara ya samaki ilikuwa na uzito. Lakini mtunzi wa Maitu hana mkazi wa Maitu wa kumjibu, na mtunzi wa Mwanza anao.

Yaliyoandikwa kabla ya kamera

Kiswahili hakikungoja sinema. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha *Kusadikika*, kisa cha nchi iliyo angani ambamo Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine, wakarudi na maarifa, wakaadhibiwa. Ni jamii ambayo mtu akitoka na kurudi na jambo jipya anatiwa gerezani. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alitoa *Walenisi*, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani, na chombo kilichokusudiwa kumuua kinamfikisha kwenye jamii isiyo na mabwana. Vitabu hivyo viwili vinatosha kuwa filamu, na vimefundishwa madarasani kwa miaka mingi bila watengenezaji wa filamu kuvigombea.

Bajeti si kisingizio kikubwa kama inavyodaiwa. *Pumzi* ni dakika 21, *Neptune Frost* imevaa vyuma chakavu. Mtunzi wa Tabora au Sikonge anayetaka kisa cha matabaka anacho tayari: mpagazi aliyeweza kuutua mzigo akarudi kwao, mwanawe aliyedaiwa kodi, mjukuu aliyepewa namba na kadi ya kipande, na kitukuu anayeishi mwaka 2090 katika jamii ambayo mtunzi ataamua mwenyewe imefungwa kwa nini. Miombo ipo, njia ya zamani ipo, na waigizaji wanaojua kutembea na mzigo begani wapo. Waandishi wa skripti na waanzie hapo.